Lango la Bwana DC

Jumatatu, 15 Septemba 1997

Redio imetaja majina ya wakuu wa wilaya wanaohamishwa, na mwisho kabisa ikataja wale wanaokwenda nyumbani kupumzika. Cephas yumo. Amekuwa DC katika wilaya kavu ya kaskazini kwa muda mrefu kuliko kawaida ya serikali, na kabla ya hapo alikuwa mkuu wa tarafa huko huko. Ni mwana wa marehemu kaka yangu mkubwa, na kwetu sisi Wajaluo mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Ananiita Baba.

Mke wangu Susana amerudi kutoka mashine ya kusaga akiwa na unga kichwani na bunge mdomoni. "Wanawake wote wanasema ni yeye. Kura bado, lakini mtoto wako ameshakuwa mheshimiwa."

Nimemwambia mtu ashuke gari moja kwanza ndipo apandishwe lingine. Amenicheka. Mawingu yamekaa juu ya ziwa upande wa Mfangano kutwa nzima, hayakushuka.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepanda maharagwe kando ya nyumba. Ardhi bado ngumu.

Jumapili, 21 Septemba

Cephas amefika baada ya ibada, na mkewe Phelesia, na mtu mmoja wa Migori aitwaye Mayaka mwenye malori na sauti ya malori. Huyo ndiye atakayeendesha kampeni. Kwa hiyo mashine ya kusaga ilijua mapema kuliko mimi.

Cephas amenenepa, lakini bado anakaa pembeni ya kiti kama alivyokaa darasani kwangu. Tulipomaliza chai akaweka kikombe chini, akasema, "Baba, nataka kutoka."

Nieleze, maana wajukuu zangu waliozaliwa mijini huenda wakasoma haya siku moja. Mwanamume kwetu hukaa katika boma la baba yake hadi siku atakapotolewa kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Hatoki peke yake. Baba hutangulia alfajiri. Mwana wa kwanza hubeba jogoo na shoka, mke hubeba moto, na pale baba anapochomeka nguzo ya kwanza ndipo lango lilipo. Nyumba ndogo husimamishwa siku hiyo hiyo, na wenyewe hulala humo. Baba akiwa amekufa, ndugu wa baba hushika nafasi yake. Ndugu za baba yake Cephas wote wamelala udongoni isipokuwa mimi.

Cephas ana nyumba ya mawe Nairobi yenye vyoo vitatu, lakini hapa kwetu hana lango. Akija, analala katika nyumba ya ujana wake ndani ya boma la marehemu baba yake, mtu mwenye mvi. Wapinzani wake wameshaanza kuimba sokoni Kendu Bay kwamba mvulana hawezi kutumwa bungeni. Ni mzaha, lakini watu wetu wanaupigia kura mzaha wa namna hiyo. Bila mimi hakuna lango, na bila lango hakuna mgombea.

Mayaka akasema, akiniita mzee kwa Kijaluo, "Jaduong', hiyo siku tutaleta bendi. Malori yangu yatabeba watu kutoka kila lokesheni. Wewe utashika tu kipaza sauti useme, huyu ndiye!"

"Lango haliombi kura," nikamjibu.

"Lakini likiombewa halikatai," akasema, na wakacheka wote, hata Susana.

Nimewaomba wanipe muda. Cephas akashangaa. "Kuna nini, Baba? Tangi la maji la shule nani alileta? Vijana wetu walioingia polisi, nani aliwaombea?"

"Hayo ni ya kwetu," nikasema. "Mimi nauliza ya kwao. Nilikufundisha kusoma, Cephas. Kutawala sijui ulijifunza kwa nani."

Jumatano, 24 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi, ya upepo.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimekwenda Homa Bay kununua kitambaa cha sare ya kanisa ya Susana. Nanunua kwa Mohamednur siku zote. Ni Msomali, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina, na mimi nina kigoda changu dukani mwake karibu na mlango. Huniita Mwalimu. Mkewe Mulki huniletea chai yenye iliki bila kuulizwa.

Kwa miaka yote hiyo nilijua anatoka kaskazini. Sikuwahi kuuliza kaskazini wapi. Kwetu mtu wa huko ni wa huko tu, kana kwamba nchi yote ile ni kiwanja kimoja. Leo nimeuliza, na akataja wilaya ya Cephas.

"DC wenu ni mtoto wangu," nikasema.

Akaendelea kupima kitambaa. "Najua, Mwalimu. Mnafanana kipaji cha uso."

"Hujawahi kusema."

"Hujawahi kuuliza. Leo unanunua kitambaa ama unanunua habari?"

Nikamwambia ukweli: naombwa kumsimamisha mbele ya watu, na nataka kujua ninamsimamisha nani. Akaweka mkasi chini, akanisimulia.

Majambazi wa mpakani waliwapiga risasi askari wawili kando ya barabara. DC akaamuru visima vitatu vya eneo lile vifungwe hadi bunduki zitolewe. Askari wakaondoa mashine za kuvutia maji, wakakaa juu ya vifuniko. Bunduki hazikutoka, kwa sababu waliopiga hawakuwa watu wa pale, walikuwa wameshavuka mpaka. Visima vilikaa vimefungwa hadi mwezi mwingine ulipoandama. Mifugo ya baba yake Mohamednur ilikufa mmoja mmoja mbele yake.

"Mzee yuko hai," akasema. "Anakula, anaswali. Kuongea ndiyo aliacha."

Mulki alikuwa amesimama na birika. Akasema, "Mwambie na lile zuri. Mimi nilijifunza kusoma katika shule aliyojenga yeye. Wasichana hatukuwa na shule kabla yake. Alikuja mwenyewe kwa baba zetu, nyumba kwa nyumba, akiwabembeleza."

"Ni kweli," Mohamednur akasema. "Hilo alifanya." Kisha akaongeza, "Nilikuwa na dada anaitwa Sumeya. Siku zile alikuwa na mtoto mgongoni. Alitembea kutafuta maji wilaya ya pili. Hakufika. Wala mtoto hakufika." Akanitazama. "Hili la Sumeya, Mwalimu, liache hapa dukani. Nimekuambia wewe."

Nimesahau kitambaa pale mezani. Susana amenisema sana.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Redio inaiita Elnino. Jirani anauliza kama huyo ni waziri mpya.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu hasahihishi mtihani kwa kusoma jibu moja. Nimekwenda Migori kumwona Ombui, Mkisii aliyekuwa sajini wa polisi wa utawala chini ya Cephas na sasa ana duka la vyuma karibu na daraja. Barabara kutoka Rongo imekuwa mto, nimefika nikiwa na matope hadi magotini.

Ombui alikubali kila neno la Mohamednur. Kisha akasema, "Sasa nisikilize na mimi. Waliokufa walikuwa vijana wangu. Mmoja nilimshika kichwa. Kambi yote ilitaka kwenda kuchoma manyata, watu na mali. Simu kutoka juu ilisema hivyo hivyo, wafundishwe adabu. DC alisimama mlangoni mwa ghala la silaha akasema, atakayetoka anipige mimi kwanza. Kufunga visima ndiyo ilikuwa huruma yake, Mwalimu."

"Huruma iliyoua?"

"Ile nyingine ingeua zaidi." Akanywa soda yake. "Na mwaka wa ukame? Wakubwa walitaka kuuza mahindi ya msaada. Yeye alihamishia kitanda chake ghalani. DC mzima analala juu ya magunia na panya! Hakuna gunia lilipotea. Hiyo nani atakuambia?"

Nikamuuliza kwa nini visima havikufunguliwa ilipojulikana kwamba wauaji wameshavuka mpaka. Ombui akazungusha chupa mezani.

"Hapo sasa," akasema, "muulize mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa saluti."

Jumanne, 14 Oktoba

Maharagwe yameoza. Mvua.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemuuliza mwenyewe.

Tulikaa sebuleni kwangu, mvua ikipiga bati kiasi cha kulazimika kusogeza viti. Niliogopa angekana. Hakukana. Alisema yale ya Ombui karibu kwa maneno yale yale, na nikamwamini. Nikamwambia kwamba pale mlangoni mwa ghala la silaha baba yake angejivunia.

"Lakini ulipojua wauaji wamevuka mpaka?"

Akasema, "Nilikuwa nimeshatamka mbele ya baraza kwamba havifunguliwi bila bunduki. Mkuu akirudi nyuma mara moja, Baba, hatawali tena. Watamhesabu."

"Kwa hiyo walikufa ili neno lako lisimame."

"Wewe uliwahi kumwambia mwanafunzi kwamba wewe mwenyewe umekosea ubaoni?"

"Mara nyingi. Na hakuna aliyekufa kwa kusubiri."

Nilidhani ataondoka. Badala yake akauliza nani ameniambia, na nikamtajia Mohamednur, kwa sababu nilikuwa na mpango. Nikamwomba twende wote Homa Bay, aketi katika duka lile, aseme tu kwamba alikosea. Bila watu, bila hotuba.

Alifikiri. Niliona anafikiri kwa kweli. Kisha akasema, "Baada ya uchaguzi, Baba. Sasa hivi nikionekana naomba msamaha, nimekwisha."

Ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ndio anaoupeleka bungeni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kifua kinanisumbua. Susana ananichemshia majani machungu ya mwarubaini na kunitazama nikimeza.

Jumapili, 2 Novemba

Wazee wa ukoo wamekuja, na kabla sijasema neno wameniuliza kama kweli Msomali wa kitambaa amenigeuza. Nimewaeleza habari ya visima. Wamesikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari ya hali ya hewa ya Ulaya. Mmoja akasema, "Pole kwao. Sasa lango ni lini?"

Walipoondoka Susana akanigeukia. Tumeoana tangu nikiwa mwalimu mdogo Asumbi, na sijawahi kumwona na uso ule.

"Unamnyima mtoto wa watu boma?"

"Nampima."

"Kura pima. Ubunge pima. Boma si zawadi ya tabia njema, baba Linet! Hata mwizi hutolewa na baba yake. Hata mlevi. Nawe unakohoa hivyo, mvua hii ikikuchukua, nani atamtoa? Atazeeka katika nyumba ya kivulana, na wanawe hawatakuwa na mahali pa kuzikwa. Hiyo nayo si kufunga kisima?"

Miaka yote nimefundisha watu na leo nimefundishwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemtumia Cephas habari. Nitamtoa. Alfajiri, watu wa nyumbani tu, bila bendi, bila malori, bila kipaza sauti. Lango atalipata kwa kuwa ni haki yake. Sauti yangu sokoni hataipata. Amekubali.

Jumatatu, 10 Novemba

Daraja la Rangwe limefunikwa. Mvua.

Jumamosi, 15 Novemba

Nitaandika yote ya leo kama yalivyokwenda.

Tulitoka kabla ya jua, mvua imepungua kuwa manyunyu. Nilitangulia na fimbo. Nyuma yangu alikuja Frankline, mwana wa kwanza wa Cephas, kijana wa Nairobi aliyefika jana na viatu vyeupe. Alibeba shoka bega moja na jogoo kwapani. Kisha Cephas, kisha Phelesia na makaa ndani ya gae, ameyafunika kwa karai la bati ili yasizimike.

"Kwara," Frankline aliniita, maana yake babu yangu, "huyu jogoo ananinyea."

"Ni baraka."

"Baraka imeingia mpaka kwa mfuko, Kwara."

Phelesia alicheka hadi karai likatetemeka, na Cephas naye akacheka. Kwa hatua zile chache tulikuwa familia tu inayokwenda kujenga, na nilifurahi kwamba nimekuja. Tulipopanda kilima nikachagua mahali penye mwelekeo wa ziwa. Frankline akachimba. Nikachomeka nguzo ya mti wa powo, udongo ukaimeza kwa urahisi kwa sababu ya mvua, nikamwambia Cephas, "Hapa ni kwako. Ingia na utoke, na watoto wako waingie na watoke." Akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya baba yake.

Ndipo tukasikia malori.

Mayaka aliyaacha chini ya kilima, hayangeweza kupanda, na watu wakapanda kwa miguu wakiimba, mwavuli juu ya mwavuli, bendi imebeba ngoma ndani ya mifuko ya nailoni. Nikamtazama Cephas. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikuwaita, Baba." Lakini hakuwarudisha. Vijana walianza kusimamisha nyumba, mabati yakapanda, na kabla ya saa nne Mayaka alikuwa juu ya meza na kipaza sauti cha betri.

"Mzee mwenyewe yuko hapa! Mwalimu wa walimu! Jaduong', tuambie, tumpeleke nani?"

Umati ukanifungulia njia. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema "karibuni chakula" na kushuka. Lakini nilikuwa na hasira, nami nina ugonjwa wa kueleza: nikiona watu wengi wamekaa kimya, naamini wamekuja kujifunza.

Nikasema huyu ni mwana wetu na lango hili ni haki yake, wala halihusiani na kura. Wakapiga makofi. Nikasema mtawala hupimwa kwa watu aliowatawala, si kwa wale aliowaletea matangi. Nikawaambia mema: shule ya wasichana, magunia ya mahindi, mlango wa ghala la silaha. Nikawaambia visima. Walikuwa kimya, nikadhani wanaelewa, na nikataka waelewe zaidi. Nikawaambia kulikuwa na mwanamke aitwaye Sumeya, dada wa Mohamednur tunayenunua kwake vitambaa Homa Bay, alitembea na mtoto mgongoni kutafuta maji na hakufika.

Ukimya uliofuata ulikuwa wa kweli. Naapa ulikuwa wa kweli. Mwanamke mmoja mbele yangu alishika kinywa. Wangeachwa hivyo kwa muda kidogo tu, sijui.

Mayaka akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayempokea mzee mzigo.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia mtu wetu ni chuma namna gani? Watu wenye bunduki! Watu serikali yenyewe inawaogopa! Yeye alifunga kisima, akaweka ufunguo mfukoni, akalala! Sisi tumetuma Nairobi watu wa kuombaomba, wakarudi mikono mitupu. Sasa tunatuma nani?"

"Chuma!" mmoja akaitika.

"Nani?"

"Chuma! Chuma!"

Bendi ikaanza. Yule mwanamke aliyeshika kinywa alikuwa anacheza. Nikamtafuta Cephas kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, uso umemjaa aibu, nilimwona. Kisha watu wakamwinua juu, na huko juu akainua mkono.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda Homa Bay. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kufukuzwa. Kigoda changu kilikuwa kimepangwa juu ya marobota.

"Karibu, mteja," Mohamednur akasema.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akauliza kama nataka kitambaa cha sare ile ile au cha rangi nyingine. Nikasema nilitaka watu wajue. Akasema cha buluu kimepanda bei kwa sababu ya barabara.

Mulki ndiye aliyenijibu, kutoka nyuma ya pazia, bila chai. "Wanakuja kumwangalia, Mwalimu. Wanasimama hapo mlangoni. Wanamuuliza, wewe ndiye wa kisima? Jana mmoja alimuuliza kama Sumeya alikuwa mrembo." Akatoka nje ya pazia. "Tulikuwa na huyo marehemu mmoja, wa kwetu tu. Sasa ni wa kampeni."

Nimenunua kitambaa cha buluu. Mohamednur alikipima vizuri, hakupunja hata kidogo, akakikunja, akanishukuru kama anavyomshukuru yeyote.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Vijana wanapita njiani wakiimba "Chuma." Wimbo ni mzuri, hilo ndilo baya.

Ijumaa, 12 Desemba

Kipindupindu kimeingia vijiji vya ufuoni. Tunachemsha kila kitu.

Jumamosi, 20 Desemba

Linet, binti yetu, amekuja na watoto kwa likizo. Ni mwalimu kama mimi. Nikamweleza yote, akasikiliza, akasema, "Baba, wewe ulidhani hawajui. Walikuwa wanajua maisha yao yote. Kila DC aliyekaa hapa kwetu alikuwa hivyo. Ndiyo maana wanataka mmoja awe wa kwao."

Nimelifikiria hilo kutwa nzima. Mimi mwenyewe nilikulia chini ya watu waliotufungia njia, soko, hata pombe. Tulipokuwa watoto tulicheza mchezo wa DC, na hakuna aliyetaka kuwa mwananchi.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimepiga kura nikiwa nimesimama majini hadi kwenye vifundo vya miguu. Sikumpa Cephas. Karani aliyenipaka wino kidoleni akaninong'oneza, "Hongera, Jaduong', leo ni leo."

Jumatano, 31 Desemba

Ameshinda. Wa pili hakuonekana hata kwa mbali. Susana aliimba, kisha akaniona, akaacha kuimba, kisha akaendelea. Sikumlaumu. Ni mtoto wake pia.

Jumapili, 4 Januari 1998

Cephas amekuja mchana, amewaacha watu wake barabarani. Alileta sukari na blanketi kwa ajili ya kifua changu. Tulikaa viti vile vile vya Oktoba.

"Mayaka anasema wewe ulinipigia kampeni kuliko wote," akasema. Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mimi sikulala siku ile, Baba. Walipoanza kuimba nilitaka kuwaambia wanyamaze."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Walikuwa wameshaninyanyua."

Nikamwambia uchaguzi umekwisha, na duka la Homa Bay bado liko pale pale. Alitikisa kichwa kukubali, kisha nikaona kichwa kinapunguza mwendo. Wiki hii kuna kuapishwa, akasema. Baada ya hapo kuna mafuriko, lazima aonekane kwenye mafuriko. Na kwa sasa, maadamu watu wanamwita jina lile, DC wa zamani kuingia dukani kwa Msomali kuomba radhi, litaeleweka vipi? "Nipe muda kidogo, Baba. Wacha nisimame vizuri kwanza."

"Utasimama vizuri lini?"

Akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri, na kweli alilelewa vizuri, nilikuwepo. Nikamsindikiza hadi barabarani kwa fimbo yangu, maana ndivyo mgeni anavyosindikizwa hata akiwa mwanao.

Barabara yetu kwa mvua hizi imebaki mkondo mmoja mgumu katikati, na kila upande ni tope la kuzamisha ndama. Watu walikuwa wanarudi kanisani, nguo zao safi zimekunjwa juu. Walipoona gari linaanza kuja, hakuna aliyeambiwa kitu. Dereva hakupiga hata honi. Wote, wanawake kwa watoto, wazee wenzangu wa ukoo, na Susana wangu akiwa na sare yake ya buluu, wakashuka wenyewe kwenye tope, pande zote mbili, likawafika magotini. Wakasimama humo wakipiga makofi mpaka gari likapita.